Roboti ya Chicago na Nyumba ya Sajini

Askari wengi hulala miaka thelathini chini ya paa la serikali, na siku wanaporudisha sare pamoja na ufunguo wa chumba ndipo wanapoanza kuhesabu bei ya mabati. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Sajini mmoja wa polisi aliyestaafu huko Mbale, mashariki mwa Uganda. Kiwanja alikuwa nacho, msingi ulikuwa umekwisha jengwa, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Lakini fedha za kiinua mgongo zilikuwa zimeishia hapo, katika saruji, mchanga na karo za wajukuu. Yeye na mkewe walikuwa wakikaa katika vyumba viwili vya kupanga, na sehemu ya kazi iliyobaki ilikuwa mikononi mwa mwana wao wa pili, aliyeishi karibu na mji wa Chicago, Marekani, akifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee.

Mwana huyo hakuwa mtu wa anasa. Alikulia katika laini za polisi, mahali ambapo mtoto hufahamu mapema maana ya zamu, ukaguzi na adhabu. Kila mwezi aliweka akiba, na ilipofika katikati ya mwaka 2017 akiba hiyo ilitimia dola 9,000. Katika mazungumzo ya simu baina yake na wazazi wake fedha hizo zilikwisha pewa jina. Ziliitwa fedha ya paa. Ndizo alizozikabidhi kwa mlinzi asiyelala wala kula, na mlinzi huyo akazipoteza nusu yake pasipo kuasi amri hata moja.

NG'OMBE NA MDHAMINI

Biashara aliyoiingia kijana huyo huitwa opsheni, na ni biashara ambayo mji wa Chicago waijua vyema. Tarehe 26 Aprili 1973 ndipo lilipofunguliwa katika mji huo soko rasmi la kuuzia opsheni za hisa, la kwanza la namna yake. Lilianza na opsheni za hisa za makampuni 16 tu, na siku ya kwanza mikataba iliyouzwa ilikuwa 911. Leo mikataba ya aina hiyo huuzwa kwa mamilioni kila siku, na iliyo mingi hupitia katika kompyuta.

Aliyezoea mnada wa ng'ombe hawezi kushindwa kuifahamu opsheni. Mfugaji ana ng'ombe wa thamani ya shilingi milioni moja, naye anaogopa kwamba kabla ya mwisho wa mwezi bei itaporomoka. Akaja jirani yake akamwambia, "Nipe shilingi 10,000, nami naahidi kwamba mpaka mwisho wa mwezi, ukipenda kuniuzia ng'ombe wako, nitamnunua kwa 900,000, hata kama mnadani wanamtaka kwa nusu ya bei." Mfugaji amenunua hiari ya kuuza. Jirani amepokea ada, na pamoja na ada amepokea wajibu. Mwezi ukipita kwa salama, ada ni yake na wajibu umekufa. Maradhi ya mifugo yakizuka na mnada ukafungwa, atamnunua kwa 900,000 ng'ombe ambaye hakuna amtakaye.

Jirani mwenye hekima hupunguza hatari kwa kwenda naye kutafuta mdhamini wake. Hulipa sehemu ya ile ada kwa mtu wa tatu, ambaye humwahidi kumnunua ng'ombe kwa 850,000. Hapo hasara yake kubwa kabisa ni tofauti ya bei hizo mbili, ukitoa ada iliyobaki mkononi. Ahadi mbili zilizofungwa pamoja namna hiyo, moja ya kuuzwa na moja ya kununuliwa, ndiyo jozi aliyoichagua kijana wa Chicago. Badala ya ng'ombe palikuwa na mfuko wa hisa unaofuata faharisi ya S&P 500, ambayo hupima bei za makampuni makubwa ya Marekani yapatayo 500. Mkataba mmoja wa opsheni huhusu hisa 100. Bei zake mbili za mapatano zilipishana kwa dola 5, kwa hiyo kila jozi ilifungia dola 500. Ada yake ilikuwa dola 30 hivi.

Asiyezoea hesabu atauliza mara moja: je, ni nani anayekubali kuhatarisha dola 470 ili apate 30? Jibu ni kwamba mara nyingi kabisa anazipata hizo 30. Biashara ya bima huendeshwa kwa njia hiyo ulimwenguni kote. Ubaya wake ni kwamba mwenye kuifanya huzoea kupata, na siku ya kulipa humkuta akiwa amesahau kwamba yeye ndiye bima yenyewe.

AMRI ALIZOPEWA ROBOTI

Kijana alirudi kutoka kazini saa moja asubuhi. Soko hufunguliwa saa mbili na nusu kwa saa za Chicago na kufungwa saa tisa alasiri, na muda huo wote alikuwa amelala. Ndipo alipojifunza, jioni baada ya jioni, kuandika programu ya kompyuta ya kumfanyia kazi. Watu huita programu hizo roboti, ingawa hazina mkono wala mguu. Ni mistari ya maandishi iliyohifadhiwa katika kompyuta, ambayo kila baada ya muda huiuliza kompyuta ya dalali bei ya soko, huilinganisha na amri ilizopewa, na kama masharti yametimia hupeleka agizo la kununua au kuuza.

Amri alizoiandikia zilikuwa chache, naye alijivunia uchache wake. Ya kwanza: kila nusu saa, soko likiwa wazi, tazama bei. Ya pili: tafuta jozi ya opsheni za kuuzia, ambayo bei yake ya juu iko asilimia 5 chini ya bei ya sasa, na siku ya ukomo ni wiki tatu mbele. Ya tatu: ada ya jozi hiyo ikifika dola 30, fungua. Ya nne: ukisha kufungua, iache jozi mpaka siku ya ukomo.

Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa utulivu usio wa kawaida katika soko la Marekani. Faharisi haikuanguka hata mara moja kwa asilimia 2 katika siku moja. Watu wasipoogopa hawalipi bima ghali, kwa hiyo ada ilifika dola 30 mara chache tu, na roboti ikawa inafungua jozi mbili au tatu kwa mwezi. Kila moja ilifika ukomo wake kwa salama. Mwezi wa Januari 2018 ulipokwisha, jozi 20 zilikuwa zimefunguliwa na kufa zenyewe, na akiba ya dola 9,000 imekuwa 9,600. Kijana aliwapigia wazazi wake simu akasema kwamba hata mabati ya rangi yangewezekana. Hakueleza fedha zilikuwa zinaongezekaje, na wao hawakumwuliza.

SIKU MBILI ZA FEBRUARI

Ijumaa tarehe 2 Februari 2018 soko lilianguka kwa asilimia 2.1. Hofu ilipoingia, bei ya bima ilipanda, na kuanzia saa tano asubuhi kila roboti ilipotazama iliona ada inazidi dola 30. Ilifungua jozi moja, na baada ya nusu saa nyingine, na nyingine. Soko lilipofungwa zilikuwa nane. Kijana alipoamka akaona ada ya siku moja inazidi ya miezi miwili, na ni lazima isemwe kwamba alifurahi. Alikwenda kazini usiku ule akipiga mluzi.

Jumatatu tarehe 5 alilala kama kawaida. Roboti ikaendelea toka soko lilipofunguliwa, jozi moja kila nusu saa, mpaka zikatimia kumi na mbili. Yapata saa nane mchana soko likaanza kuporomoka kwa kasi. Kwa muda mfupi kipimo cha Dow Jones kilikuwa chini kwa karibu pointi 1,600, na siku ilipokwisha faharisi ya S&P 500 ilikuwa imepoteza asilimia 4.1. Kipimo cha hofu ya soko, kiitwacho VIX, kiliongezeka zaidi ya mara mbili kwa siku moja, kutoka 17 hadi 37. Saa nane na nusu roboti ilijaribu kufungua jozi ya ishirini na moja. Kompyuta ya dalali ilikataa, kwani fedha za dhamana zilikuwa zimekwisha.

Kijana aliamka saa tisa akasoma taarifa ile ya kukataliwa kabla ya kusoma nyingine yoyote. Ile idadi iliyochukua miezi saba kufunguliwa ilikuwa imefunguliwa kwa siku mbili. Alitafuta kosa katika programu usiku kucha asilione, kwani kosa la programu halikuwapo. Roboti ilikuwa imeambiwa ifungue ada ikifika 30, na ada ilifika. Hakuna aliyeiambia kwamba ada hupanda kwa sababu hatari imekaribia. Ilikuwa kama kijana wa dukani aliyeachiwa muhuri wa tajiri wake na kuambiwa: mfugaji yeyote atakayetoa shilingi 10,000, mpigie muhuri. Habari za maradhi zikaenea wilayani, wafugaji wakapanga foleni mlangoni na kila mmoja akatoa zaidi ya alivyoombwa. Kijana wa duka akafurahi kwa biashara njema, naye tajiri amelala chumba cha ndani.

Siku tatu zilizofuata hakulala mchana wala usiku. Alhamisi tarehe 8 faharisi ilishuka tena hadi 2,581, ilhali wiki mbili nyuma ilikuwa 2,872. Alasiri hiyo, kabla soko halijafungwa, alizifunga jozi zote ishirini kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu ilikuwa hasara ya dola 4,600. Fedha ya paa ikabaki 5,000.

MASWALI YA SAJINI

Alinyamaza mwezi mzima. Huko Mbale mvua zilikaribia, na fundi alikuja mara mbili kuuliza habari za mabati. Mwisho wa mwezi wa Machi alipiga simu akawaeleza wazazi wake kila kitu, tokea ng'ombe wa mfano hadi jozi ya ishirini.

Mama yake ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu," alimwambia, "umetueleza namna mashine ilivyofanya. Sasa nieleze fedha ya paa ilipata ruhusa kwa nani ya kwenda huko." Hakuwa na jibu, na mama hakulitaka. Alimpa mumewe simu.

Sajini hakufoka. Majirani mpaka leo humwita Afande, na wale waliotumikia chini yake hukumbuka kwamba alipouliza kwa sauti ya chini ndipo mtu alipotakiwa kuwa mwangalifu. Aliuliza kama afisa anayekagua lindo usiku. Mlinzi wako aliamriwa kuanza wakati gani? Kijana akamweleza. Aliamriwa kuacha wakati gani? Kijana akasema hakuna amri hiyo. Alipewa risasi ngapi? Kijana akasema alipewa ghala lote. Nani aliyepokea ripoti yake na saa ngapi? Kijana akakiri kwamba ripoti ya Ijumaa aliisoma mwenyewe, akaona jozi nane mahali pa moja, akafurahi.

Hapo kijana alijitetea kwa hoja moja, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Jozi zote ishirini zilikuwa na ukomo wa tarehe 23 Februari. Siku hiyo faharisi ilikuwa imekwisha panda tena hadi 2,747, juu ya bei zote za mapatano. Laiti asingeogopa, laiti angeiacha roboti itimize amri ya nne, zote zingalikufa kwa salama naye angalipata dola 700. "Kwa hiyo, Baba," alisema, "huenda mashine ilikuwa na haki na mimi ndiye niliyekosea."

Sajini alifikiri kidogo. Kisha akamwambia kwamba katika utumishi wake aliwahi kumshitaki askari aliyelala lindoni usiku ambao mwizi hakuja. Asubuhi askari yule alisema, "Afande, mbona hakuna kilichopotea?" Sajini alimjibu kwamba lindo halipimwi kwa mwizi ambaye hakuja, hupimwa kwa amri na jinsi zilivyoshikwa. "Soko lilirudi," alimwambia mwanawe. "Ulijua kwamba litarudi? Na lisingerudi, ungalipata wapi dola nyingine za kulipa? Usiniambie tarehe 23. Niambie ulichojua tarehe 5."

Kijana alijua alichojua tarehe 5. Angeweza kupoteza dola 9,300, karibu kila kitu, naye alikuwa amelala.

MAKAMPUNI MAKUBWA NAYO

Baada ya mazungumzo hayo kijana hakuifuta programu. Aliizima, akaanza kusoma habari za wale waliomtangulia katika kazi hiyo, akaona kwamba kosa lake lilikuwa limetendwa na watu wenye elimu na fedha nyingi kumliko.

Mwanzilishi mmoja wa kutumia kompyuta katika biashara ya opsheni ni Thomas Peterffy, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1944, akahamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 1977 alinunua kiti katika soko la American Stock Exchange mjini New York. Hapo mwanzo alikokotoa bei za opsheni kwa kompyuta ofisini, kisha akaingia sokoni na karatasi mfukoni. Mwaka 1983 wafanya biashara wake waliingia na kompyuta ndogo za kushika mkononi. Mwaka 1987, alipoambiwa na wakuu wa soko la Nasdaq kwamba maagizo lazima yapigwe kwa vitufe vya mashine yao, alitengeneza mtambo wenye vidole vya kubonyeza vitufe hivyo. Hivyo roboti ya kwanza ya namna hii kweli ilikuwa na vidole. Tangu hapo haikurudi nyuma.

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ilianza kutumia programu mpya katika kompyuta zake nane za kupelekea maagizo. Fundi alikuwa ameiweka katika saba na kuisahau ya nane, na hiyo moja ikafufua programu ya zamani ambayo haikuwa na kipimo cha kuacha. Kwa muda wa dakika 45 hivi ilitekeleza biashara zaidi ya milioni nne, na kampuni ikapoteza dola zaidi ya milioni 440. Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilipochunguza ilikuta kwamba asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mitambo yenyewe ilikuwa imewapelekea wafanyakazi barua 97 za kutaja hitilafu. Hazikushughulikiwa. Mwaka uliofuata Knight iliunganishwa na kampuni nyingine.

Tukio la benki ya Goldman Sachs lahusu opsheni zenyewe. Tarehe 20 Agosti 2013 programu iliyokosewa kupangwa ilipeleka masokoni maagizo yapatayo 16,000 ya opsheni ambayo hayakukusudiwa kupelekwa, yakiwa na bei ya dola 1 pasipo kujali thamani yake ya kweli. Vizuizi vya kusimamisha maagizo ya ajabu vilikuwapo, na baadhi yake vilifanya kazi. Wafanyakazi ndio walioviondoa kwa mkono. Mwaka 2015 tume ile ile iliitoza benki hiyo faini ya dola milioni 7.

Kijana aliyasoma hayo akamsomea na baba yake katika simu. Habari ya barua 97 Sajini aliomba arudiwe. Alisema kwamba kati ya mambo yote ya Marekani aliyowahi kusikia, hilo moja alilifahamu kabisa, kwani na yeye alipata kuona kitabu cha matukio kilichojaa maonyo ambayo hakuna mkubwa aliyeyatia sahihi.

AMRI MPYA

Programu iliandikwa upya, na safari hii amri za kuacha ziliandikwa kabla ya zile za kuanza. Jozi zilizo wazi kwa wakati mmoja zisizidi mbili, hata ada ikiwa nono namna gani. Kwa siku moja isifunguliwe zaidi ya moja. Kipimo cha hofu kikipanda zaidi ya kiasi kilichowekwa, roboti isifungue kitu, ipeleke taarifa na kungoja. Hasara ya jozi ikifika mara mbili ya ada yake, jozi ifungwe. Hasara ya mwezi ikifika dola 200, roboti ijizime, wala isiwashwe ila kwa mkono wa mwenyewe. Agizo likipelekwa na jibu lisirudi, kwa mfano mtandao ukikatika, roboti isilirudie. Kwanza imwulize dalali kama lile la kwanza lilifika, maana wengi wamejikuta na maagizo kumi kwa sababu ya jibu moja lililochelewa. Na kila siku soko linapofungwa, hesabu ya roboti ilinganishwe na hesabu ya dalali. Zikipishana hata kwa jozi moja, kazi isimame.

Amri hizo hazikuzuii kupoteza, nazo hazikuandikwa kwa ajili hiyo. Jozi ikifunguliwa jioni na soko likaamka chini asubuhi, amri ya kufunga kwa hasara mara mbili ya ada itakuta hasara imekwisha pita hapo. Kazi ya amri ni kuhakikisha kwamba kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupotea kimejulikana na kukubaliwa na watu walio macho, kabla mtambo haujawashwa.

Kisha programu ilifanyishwa mazoezi mwaka mzima kwa fedha za bandia, ambazo madalali wengi huziweka kwa kazi hiyo, kama askari mpya anavyofundishwa shabaha kwa risasi za baridi. Ilipowashwa kwa fedha za kweli ilipewa dola 1,500 ambazo kijana alizipata kwa zamu za ziada. Dola 5,000 za paa zilirudishwa benki katika hesabu ya peke yake, na mama ndiye aliyepewa haki ya kusema lini zitolewe. Hilo ndilo sharti lake pekee, nalo halikujadiliwa.

Katika habari hii pana onyo jingine kwa familia za askari, kwani fedha za kiinua mgongo huvuta watu wengi. Kijana wa Sajini alikuwa na bahati moja: roboti yake aliiandika mwenyewe, fedha zilikuwa kwa dalali halali kwa jina lake mwenyewe, na hasara yake aliweza kuihesabu mpaka dola ya mwisho. Wako wengine ambao huuziwa roboti iliyo tayari, isiyoshindwa, yenye faida ya hakika kila mwezi. Mirror Trading International ya Afrika Kusini ilikusanya fedha za watu wa nchi nyingi kwa ahadi ya roboti ya namna hiyo. Mwaka 2023 mahakama ya Marekani iliamuru zirudishwe dola zaidi ya bilioni 1.7. Januari 2024 tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa ililazimika kutoa onyo kwa umma kuhusu wauzaji wa roboti za kuchuma fedha. Mwenye roboti ya kuleta faida isiyokosa hana haja ya fedha za mstaafu. Na yeyote atakayeombwa fedha hizo na aulize yale maswali manne ya Sajini: inaanza lini, inaacha lini, imepewa kiasi gani, na ripoti inapokewa na nani.

Nyumba ya Mbale iliezekwa mwaka 2020, kwa mabati ya kawaida yasiyo na rangi. Fedha zilizopungua zilitoka katika mshahara wa usiku, dola baada ya dola, na kazi ilichelewa miaka miwili. Roboti ingali inafanya kazi. Miezi mingine huleta dola arobaini, miezi mingine hupoteza sitini, na mara mbili imejizima yenyewe kama ilivyoamriwa.

Kila Jumapili jioni kijana hupiga simu nyumbani. Wakisha kusalimiana na kuulizana habari za watoto, Sajini huuliza, "Ripoti ya lindo?" Kijana humtajia jozi zilizo wazi, hasara kubwa kabisa inayoweza kupatikana, na saa aliyokagua mara ya mwisho. Mzee huyaandika hayo katika daftari lenye jalada jeusi, mfano wa lile la kituoni, akatia tarehe na sahihi. Jumapili moja idadi haikulingana na ya wiki iliyotangulia. Sajini alikataa kukata simu mpaka mwanawe alipowasha kompyuta na kueleza ile jozi moja imekwenda wapi.